Bampa limerudi, hasara imebaki ndani

Ilikuwa jioni, sheli moja maeneo ya Mwenge, Dar es Salaam. Nilikuwa nyuma ya Noah nikisubiri pampu. Dereva wa Noah akaona mstari wa upande wa pili unasogea haraka kuliko wetu, akaingiza rivasi bila kuangalia kioo. Honi niliipiga, ila nilichelewa. Tukashuka wote wawili. Bampa la mbele la IST yangu lilikuwa limeingia ndani kama bakuli, na wakati bado tunalikodolea macho, plastiki ikajitutumua yenyewe, "pop", ikarudi mahali pake. Ikabaki mikwaruzo miwili tu. Jamaa alikuwa muungwana. Akaomba radhi, akanirushia shilingi 70,000 kwa simu, "ya rangi hiyo, kaka," tukapeana mikono na nikaondoka nikijiona mjanja.

Wiki ya tatu AC ikaanza kupuliza upepo wa vuguvugu. Fundi alipofungua bampa alikuta kondensa, bati la mbele la kupoozea gesi ya AC, ina ufa pale ilipobanwa, gesi yote imeshatoka, na sikio moja la taa ya kulia limekatika, taa inaning'inia kwenye skrubu mbili. Namba ya yule jamaa ninayo mpaka leo. Sikumpigia. Ningeanzia wapi, wakati hela ya "kumalizana" niliipokea mwenyewe nikicheka?

Nimeshaieleza habari hii kwa watu wengi, na karibu kila mmoja ananiambia kosa langu ni kutoita trafiki. Sikubaliani nao. Kumalizana barabarani si dhambi, na mara nyingi ndiyo njia ya busara. Kosa langu lilikuwa kupanga bei ya kitu ambacho si mimi wala yeye tulikuwa tumekiona.

Ajali ndogo ina maswali matatu ndani yake: nani kasababisha, nini kimeharibika, na nani alipe kwa njia gani. La kwanza lazima ulishughulikie palepale, kwa sababu ushahidi wake unaondoka mara tu magari yanaposogezwa. La pili halijibiki barabarani hata kama umesimama na fundi pembeni. La tatu haliwezi kuanza kabla ya la pili. Sisi tunayajibu yote matatu ndani ya dakika tano, jua likiwaka na foleni nzima ikitupigia honi, kisha tunashangaa hesabu haijakaa sawa.

Dakika kumi za mwanzo

Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania, Sura ya 168, inamtaka dereva aliyehusika kwenye ajali asimame na atoe taarifa zake kwa mwenye haki ya kuzitaka. Kwa hiyo kumwambia mtu "mbona ni kidogo tu" huku ukiondoa gari ni kosa, hata kama kweli ni kidogo.

Kabla ya maneno, toa simu upige picha. Usianze na mkwaruzo. Anza na picha ya mbali inayoonyesha magari yote mawili, mistari ya barabara, na mahali kila mmoja alipokuwa. Mkwaruzo utaupiga hata kesho, lakini namna magari yalivyolala barabarani hutaiona tena. Kisha namba za magari, leseni ya mwenzako, na taarifa za bima yake. Ukipata hivyo, sogezeni magari pembeni muwaachie wengine njia.

Kuhusu bima, huna haja ya kuamini stika kwa macho. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, ina mfumo wa mtandaoni ambamo unaingiza namba ya gari na kuona kama lina bima hai na ni ya kampuni gani. Inachukua muda mfupi kuliko ubishi.

Sasa kuna imani moja imekaa vichwani mwetu: aliyegonga nyuma ya mwenzake ndiye mwenye kosa. Mara nyingi ni kweli, maana kila dereva anatakiwa aache nafasi. Ila tazama ajali yangu. Mbele ya IST kwenye nyuma ya Noah. Mtu akiona picha peke yake atasema mimi ndiye niliyemparamia. Kama yule jamaa angekuwa na roho nyingine, angegeuza kibao palepale na kunidai taa ya nyuma, nami ningebaki na maneno yangu. Aliyeniokoa, bila kujua, ni kijana wa pampu aliyeona kila kitu na kusema kwa sauti, "Bosi, umerudi nyuma!" Sikuchukua hata namba yake ya simu. Ukigongwa na gari lililorudi nyuma, au lililoserereka kwenye mlima, shahidi ana thamani kuliko picha kumi. Kamera za sheli na za maduka nazo husaidia, ila uombe siku hiyohiyo kabla picha hazijafutwa.

Kuna hali ambazo mazungumzo ya kumalizana yasianze kabisa. Ya kwanza ni mtu kuumia, hata akisema ni kidogo. Shingo iliyorushwa mbele na nyuma mara nyingi haiumi siku ileile. Unaamka na maumivu kesho asubuhi. Mwendesha bodaboda anayeinuka, anajipangusa vumbi na kusema "niko poa, mkubwa" anaweza kweli kuwa poa, na anaweza kesho kuwa hospitali na namba zako za gari zimeandikwa kituoni kama mtu aliyekimbia. Hapo ni polisi, na majeruhi apewe PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo kutibiwa. Ukiambiwa haina haja, wewe katoe taarifa.

Ya pili ni pale dereva anapokuwa si mwenye gari. Deiwaka wa daladala, dereva wa kushikiza kwa siku, hana mamlaka ya kukuahidi chochote. Hesabu ya tajiri bado hajaifikisha, fidia yako ataitoa wapi? Gari la serikali, lenye namba za STK na ndugu zake, dereva wake ana taratibu za kuripoti na hawezi kumalizana nawe kienyeji hata akitaka. Na kwa wanaopita Barabara ya Mandela wakigombea nafasi na malori yanayokwenda na kutoka bandarini: lori la Rwanda, Zambia au Kongo huja na Kadi ya Njano ya COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika. Kadi hiyo ni bima inayotambulika nje ya nchi yake. Tanzania si mwanachama wa COMESA lakini imo kwenye mpango huo wa bima. Piga picha kadi hiyo, maana lori likishavuka mpaka, kulitafuta ni kazi ya kampuni za bima, si yako.

Nini kimejificha nyuma ya plastiki

Bampa unaloliona si bampa. Ni koti. Magari mengi tunayoendesha, hizi Vitz, IST, Raum na wenzao, yana gamba la plastiki nyepesi kwa nje, na kazi yake ni sura na upepo. Nyuma yake kuna povu au plastiki ngumu ya kunyonya kishindo, halafu boriti ya chuma. Plastiki hiyo ina tabia ya kukumbuka umbo lake, na ndiyo sababu hubonyea na kurudi. Vilivyo nyuma yake havina kumbukumbu hiyo. Povu likipasuka limepasuka, chuma kikipinda kimepinda. Kwa hiyo bampa linaporudi lenyewe usilichukulie kama habari njema. Limefunga pazia tu.

Mbele, mpangilio wa vitu ndio unaofanya ajali ndogo iwe ghali. Nyuma ya boriti, kitu cha kwanza ni kondensa ya AC, bati jembamba la alumini. Nyuma ya kondensa ipo rejeta ya kupooza maji ya injini, ambayo juu na chini, au kushoto na kulia, ina matangi ya plastiki. Nyuma yake feni. Boriti ikisukumwa sentimita chache tu, kondensa inapokea. Kondensa ikitoboka hasara yake ni joto na hela ya gesi. Rejeta ikipata ufa wa nywele ndiyo balaa, kwa sababu haitavuja pale barabarani. Itavuja kidogo kidogo, injini ikipata moto na shinikizo likipanda, na siku utakapoona sindano ya joto imepanda uko Chalinze na familia. Injini ikichemka vibaya, gasiketi ya silinda hedi, kifuniko cha juu cha injini, inaungua au hedi yenyewe inapinda, na hapo mkwaruzo wa shilingi 70,000 umekula injini.

Kwa hiyo kabla hujaondoka eneo la tukio, inama. Ukiona maji yanadondoka, yachunguze: yakiwa safi na yasiyo na rangi, na AC ilikuwa inafanya kazi, yanaweza kuwa ya AC tu. Yakiwa ya kijani, mekundu au ya waridi, ni kulanti, yaani maji ya kupooza injini, usiendeshe. Washa gari utazame dashibodi. Taa ya eabegi inatakiwa iwake na kuzimika baada ya sekunde chache. Ikibaki inawaka, mfumo una hitilafu, na kwenye magari mengi vihisio vyake vya mbele vimefungwa huko huko mbele, karibu na fremu inayoshika rejeta. Fungua boneti na uifunge. Ikigoma kushika kufuli, au inashika mara moja kati ya tatu, usiingie barabara kubwa. Boneti inayofunguka kwenye mwendo inakuziba macho yote mawili.

Kwa nyuma, watu hutazama bampa na taa basi. Fungua buti, toa zulia, toa tairi la akiba, uangalie lile shimo linamokaa tairi. Bati la pale likiwa limejikunja kama karatasi iliyokunjwa ikanyooshwa, basi kishindo kilipita bampa na kuingia kwenye mwili wa gari. Tazama pia nafasi kati ya mlango wa buti na bodi: upande mmoja unaingia kidole, mwingine hauingii hata kucha? Kuna kitu kimehama. Dalili nyingine huja na mvua za masika, unapokuta maji yamejaa chini ya tairi la akiba.

Na tairi likiguswa, hata kwa upole, endesha mahali pa wazi na tulivu uone usukani ukoje gari likienda moja kwa moja. Usukani uliopinda, au gari linalovuta upande, maana yake nenda kwa watu wa alaimenti, wanaonyoosha mkao wa matairi, kabla ya kwenda kwa mtu wa rangi. Hapa wengi wetu tunafanya kinyume kabisa. Rangi inaonekana na majirani, tai rodi, chuma kinachogeuza tairi, haionekani.

Kipi kitengenezwe, kipi kiachwe

Ukishajua kilicho ndani, ndipo unarudi kwenye kinachoonekana nje, na hapa nina maoni makali kidogo: sehemu kubwa ya mikwaruzo ya Dar haifai kutengenezwa. Unalipia bampa lipakwe rangi Jumamosi, Jumanne bodaboda anapita kati ya magari mawili Ubungo na mpini wake unakuachia sahihi.

Kuna jaribio la kucha. Pitisha ukucha juu ya mkwaruzo. Usipokwama, mkwaruzo uko kwenye tabaka la juu lisilo na rangi, na kompaundi (dawa ya kung'arishia rangi) na kitambaa vinaweza kuumaliza. Unaweza pia kuulowanisha: ukipotea ukiwa na maji, umo kwenye tabaka hilo la juu. Ukucha ukikwama, umefika kwenye rangi au chini yake. Hapo swali linakuwa moja tu: chini yake kuna plastiki au bati? Plastiki haili kutu. Bampa lililochunika linaweza kukaa hivyo miaka na gari lisidhurike. Bati lililobaki wazi, hasa kwetu pwani ambako hewa yenyewe ina chumvi, linaanza kupata kutu mapema sana, na kutu haingojei mshahara. Kama huna hela ya fundi mwezi huu, safisha pale, kausha, paka praima au rangi ya kugusia. Namjua mama mmoja aliyetumia rangi ya kucha ya binti yake kwenye fenda ya Vitz nyekundu. Mafundi walimcheka, lakini kutu haikuingia.

Visivyostahili kusubiri ni taa, kioo cha pembeni, boneti na mlango usiofunga sawasawa. Taa moja ya breki iliyokufa inaweza kukuletea ajali nyingine ya aina ileile, na hata isipokuletea, trafiki atakuandikia faini leo na mwingine kesho.

Ukiamua kupaka rangi, ujue rangi ya gari lako kwa namba, siyo kwa jina. Toyota huiandika kwenye kibati kilicho ndani ya boneti au kwenye nguzo ya mlango. Nyeupe ya 040 ni nyeupe ya kawaida. Nyeupe ya 070 ni ya lulu, ina tabaka la katikati linalong'aa, kwa hiyo inapakwa kwa hatua zaidi na inagharimu zaidi. Fundi akikupakia 040 kwenye gari la 070 na kukuambia "ni ileile, kaka," bampa litakaa mdomoni mwa gari kama jino la bandia. Kwa sababu hiyo watu wengi wa mjini hawapaki kabisa. Wanakwenda Ilala, Shaurimoyo, kutafuta bampa la mtumba lililotoka kwenye gari lenye namba ileile ya rangi. Ukibahatika, unafunga na kuondoka siku hiyohiyo. Bampa jipya la Kichina ni rahisi kupatikana, ila mara nyingi lina tatizo la kukaa: pembe moja inapandana na fenda, nyingine inaacha mwanya, na bado linahitaji rangi. Kwa taa, mimi nachukua ya mtumba ya gari lenyewe kila siku ya Mungu, baada ya kuhakikisha masikio yake yote ni mazima.

Na ukimwachia fundi gari, mkubaliane mapema kwamba bampa litavuliwa. Kuna wanaopaka rangi juu ya hasara bila kufungua kitu. Piga picha betri, redio na tairi la akiba kabla hujaacha funguo. Najua unamwamini. Wewe piga tu.

Hesabu ya bima

Hapa ndipo watu huchanganya zaidi. Bima ndogo, ya mtu wa tatu, ambayo kwa gari binafsi dogo ni shilingi 100,000 kabla ya VAT, ile 118,000 tuliyoizoea, hailipi gari lako hata senti. Inalipa madhara uliyomfanyia mwingine. Kwa hiyo kama wewe ndiye uliyegonga na una bima ndogo, gari lako ni juu ya mfuko wako, na gari la mwenzako ni juu ya kampuni yako. Kama wewe ndiye uliyegongwa, unakwenda kudai kwenye kampuni ya aliyekugonga. Hapo huwezi kukwepa polisi, maana bila ripoti yao inayoonyesha nani alikosea, kampuni haina sababu ya kukulipa mtu isiyemjua.

Bima kubwa inalipa na la kwako pia, lakini si bure, na si yote. Chukua mfano. Gari limekatiwa bima kwa thamani ya milioni 14. Kwa kiwango cha asilimia 3.5, ada ni 490,000 kabla ya VAT. Tuseme mkataba wako unasema kwenye kila dai unachangia mwenyewe asilimia 10, na mchango huo usipungue 250,000. Soma wa kwako, kila kampuni ina namba zake. Tuseme pia una punguzo la asilimia 10 kwa kumaliza mwaka bila kudai.

Fundi amesema matengenezo ni 400,000. Ukidai, unatoa 250,000, kampuni inatoa 150,000. Mwaka unaofuata punguzo lako limekwenda, hiyo ni kama 49,000. Umebaki na faida ya laki moja, na bado hujahesabu nauli za kwenda kituoni, siku za kusubiri mkaguzi wa magari wa polisi, siku za kusubiri mkadiriaji wa kampuni, na siku gari litakazolala gereji. Mimi hapo silidai, nalipa mwenyewe. Sasa fundi huyohuyo afungue bampa, akute rejeta, kondensa na taa, aseme 1,800,000. Mchango wako bado ni 250,000, kampuni inatoa 1,550,000. Kutodai hapo ni kuwachangia wenye hisa wa kampuni ya bima. Umeona kilichobadilika? Ajali ni ileile, mkataba ni uleule. Kilichobadilisha uamuzi ni bampa kufunguliwa.

Lakini ukitengeneza kwanza halafu ukadai, umejiharibia. Kampuni inataka mkadiriaji wake alione gari likiwa limevunjika. Na mikataba mingi inakutaka utoe taarifa ya ajali mapema hata kama huna nia ya kudai. Kutoa taarifa si kudai. Ni kujilinda, kwa sababu mwenzako anaweza kuibuka mwezi ujao na madai yake, na kampuni ikikuuliza mbona hukusema, utakuwa huna jibu. Kwa hiyo mpango unaoleta usingizi ni huu: piga simu kwa wakala wako siku hiyohiyo, peleka gari likafunguliwe, pata bei kwa maandishi, ndipo uamue.

Kuna vifungu viwili kwenye mikataba ya bima ambavyo watu huvigundua wakiwa wameshavivunja. Kimoja kinakukataza kukiri kosa au kuahidi malipo kwa niaba ya kampuni bila ruhusa yake. Kusema "samahani, umeumia?" hakuna ubaya. Kuandika "mimi ndiye mkosaji na nitalipa kila kitu" ni jambo jingine. Cha pili ni haki ya kampuni kumfuata aliyekosea. Ukiwa na bima kubwa, kampuni ikikulipa inarithi haki yako ya kumdai aliyekugonga. Kama wewe ulishamwandikia karatasi kwamba humdai chochote, umeiuza haki hiyo kabla kampuni haijafika, na inaweza kukataa kukulipa kwa sababu hiyo. Mia mbili elfu za barabarani zinaweza kuua dai la milioni mbili. Ukiona umeonewa kwenye dai, ipo Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Si lazima uanzie mahakamani.

Mkiamua kumalizana

Basi, hakuna aliyeumia, madereva ndio wenye magari, kosa liko wazi, na wote mnaona polisi ni kupotezeana siku. Malizaneni, ila mnachomaliza barabarani kiwe kosa, bei isubiri. Maneno ninayoyatumia sasa ni haya: "Kaka, tumekubaliana umenigonga. Mimi sijui ndani kuna nini na wewe hujui. Kesho saa tatu tukutane gereji, bampa livuliwe tukiwepo wote, na utamlipa fundi moja kwa moja." Mtu mwaminifu hukubali, tena hupumua, kwa sababu naye alikuwa anaogopa kutajiwa bei ya kukomoa. Anayekataa na kusisitiza upokee elfu hamsini sasa hivi, mara nyingi anajua kitu usichokijua, au hana nia ya kuonekana tena. Huyo muite trafiki.

Andikeni. Karatasi au ujumbe wa simu, vyote vinafaa: tarehe, mahali, namba za magari mawili, nani alimgonga nani, na makubaliano. Hapa kila upande una maslahi yake, na ni vizuri kulijua hilo. Unayelipwa, chochote unachopokea siku ya kwanza kiandikwe ni malipo ya awali, na kiasi kamili kitajulikana gari likishafunguliwa, kabla ya tarehe fulani. Unayelipa, unataka mwishoni karatasi inayosema mwenzako amepokea na hana madai mengine kuhusu uharibifu wa gari. Zote mbili ni haki. Tatizo ni pale mnapoandika ya pili siku ya kwanza.

Baada ya kondensa kubadilishwa na taa kufungwa upya, mwaka jana bodaboda alinipitia tena, safari hii kwenye kona ya bampa la nyuma. Tuliinama wote wawili, tukafungua buti, tukatoa tairi la akiba. Bati lilikuwa limenyooka kama lilivyotoka Japani. Yule kijana alikuwa ameshashika simu mkononi, anauliza ni shilingi ngapi. Nikamwambia aende zake. Mchubuko upo mpaka leo, mrefu kama kidole, na watoto wangu wameubandika stika ya Simba.